Shuka kwa Gia Ndogo: Mwendo Unaofaa wa Kupunguza Mafuta Mwilini

Haya ni maandishi ya mazungumzo ambayo afisa wa mawasiliano wa kaunti aliyatoa mbele ya wakazi, vikundi vya akina mama na wahamasishaji wa afya ya jamii mjini Embu. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala.



Wengi wenu mnanijua kama yule dada wa kamera. Kwenye mikutano ya hadhara, mimi ndiye ninayewaambia msogee kidogo ili picha itoshe. Leo nimeombwa niweke kamera chini nizungumze, na mada niliyopewa ni ya kupunguza mafuta mwilini. Niseme wazi kwamba mimi si daktari wala mtaalamu wa lishe. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu ni kumuuliza anayejua, kisha nimweleze mwananchi kwa lugha nyepesi. Haya nitakayosema nimewauliza wataalamu wa lishe, mengine nimeyasoma, na mengine yamenipata mimi mwenyewe.

Nilizaliwa Imenti Kusini, kule Meru, na ndoa na kazi vikanileta Embu. Kwa hivyo barabara ya Embu kwenda Meru naijua kona kwa kona. Ukishapita Chuka, unakutana na mteremko wa daraja la Nithi. Sote tunajua maafa yaliyotokea pale, likiwemo lile la basi la Julai 2022. Muulize dereva yeyote wa lori mwenye uzoefu namna anavyoshuka pale. Atakwambia anaweka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, na anaiacha hapo mpaka avuke. Hajali wanaompita. Anachotaka ni kufika ng'ambo akiwa salama.

Kupunguza uzito nako ni kushuka mteremko. Wengi wetu tunajua tushuke. Tunachokosea ni gia.

Nilivyoshuka vibaya

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye kambi ya matibabu ya bure, nikipiga picha za wananchi wakipimwa. Muuguzi mmoja alikuwa hana foleni kwa dakika chache, akaniita. "Dada, weka hiyo kamera, njoo nikupime na wewe." Nilikuwa na miaka 34. Mizani ikasema kilo 84, nami urefu wangu ni sentimita 160 tu. Presha ilikuwa 148 juu ya 94. Akanipima tena baada ya kupumzika, ikawa karibu ile ile. Akaniuliza kama kuna mwenye kisukari nyumbani. Mama yangu anacho. Hakusema mengi, aliandika tu kwenye karatasi na kuniambia nirudi kliniki.

Sijui kama mnaielewa kazi ya ofisi ya mawasiliano. Asubuhi unakaa kwenye gari, mchana kwenye hema, jioni mbele ya kompyuta. Saa nne kuna chai na mandazi. Saa saba kuna chakula cha wageni: wali, chapati, viazi, mukimo, nyama, vyote kwenye sahani moja. Saa kumi kuna chai nyingine na sambusa. Na chakula cha mkutano hakikataliwi.

Jioni ile niliogopa. Na mtu mwenye hofu hununua chochote. Nikaona tangazo kwenye simu la chai ya "kuyeyusha mafuta", nikamtumia muuzaji pesa. Maagizo yalikuwa haya: chai ile asubuhi na usiku, maji ya matunda mchana, supu ya kabeji jioni. Baada ya wiki tano nilikuwa nimepoteza kilo 8. Nguo zikalegea. Nikajipiga picha, mimi ambaye huwa nawapiga wengine.

Lakini yafuatayo hayakuwa kwenye tangazo. Siku moja tukiwa kwenye hafla huko Mbeere, jua likiwaka, niliona giza nikakaa chini na kamera yangu. Nywele zilianza kutoka. Kazini watu wakaanza kunong'ona, na mnajua mtu akikonda ghafla hapa kwetu watu huwaza nini. Mama alinipigia simu kutoka Meru, sauti yake chini: "Mwanangu, niambie ukweli. Unaumwa nini?"

Kisha Desemba ikafika, tukaenda nyumbani. Mwili uliokuwa umeshinda njaa wiki tano ulikula kana kwamba unalipiza kisasi. Kufikia Machi nilikuwa kilo 87. Nilikuwa nimelipa pesa, nimezimia nusu, nimemtia mama hofu, na nimeongeza kilo 3 juu ya zile nilizoanza nazo.

Nimesimulia haya kwa sababu najua si mimi peke yangu humu ndani. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49 nchini Kenya wana uzito uliopita kiasi. Hiyo ni karibu nusu ya akina mama waliokaa kwenye viti hivi.

Zile kilo za kwanza si mafuta

Nilipokwenda hatimaye kwa mtaalamu wa lishe, nilimuuliza swali moja: zile kilo 8 zilikwenda wapi, na zilirudi kutoka wapi?

Alinieleza hivi. Mwili huhifadhi akiba ndogo ya wanga kwenye ini na misuli, kama nusu kilo hivi. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha kula kwa siku chache, akiba ile hutumika na maji yake hutoka. Mizani inashuka kilo moja na nusu, hata mbili, na wewe unashangilia. Chai nyingi za kupunguza uzito nazo huwa na senna, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unaharisha maji, mizani inashuka tena. Mafuta hayajaguswa. Siku ukila ugali wako vizuri na kunywa maji, vyote vinarudi, na wewe unadhani umeshindwa.

Mafuta yenyewe hutoka polepole kwa sababu yamebeba nguvu nyingi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Mwanamke mzima wa kawaida hutumia kama kalori 2,000 kwa siku, zaidi au pungufu kulingana na umbo na kazi yake. Sasa piga hesabu. Hata usipokula kitu chochote, kilo moja ya mafuta ingechukua karibu siku nne kuisha. Kwa hivyo anayekuahidi kilo 10 za mafuta ndani ya siku 10 anakuuzia kitu ambacho mwili wa binadamu hauwezi kufanya.

Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kwa wiki ni 3,500. Hiyo ni karibu nusu kilo. Na kadiri unavyopungua, mwili mdogo unahitaji chakula kidogo, kwa hivyo mwendo wenyewe hupungua na wakati. Hiyo si kosa lako. Ndivyo mwili ulivyoumbwa.

Ukibana sana, mwili hauchomi mafuta peke yake. Unakula misuli pia, na misuli ndiyo inayokusaidia kubeba mtungi wa maji na kupanda mlima wa shamba. Kupungua kwa kasi kubwa kunaweza pia kuleta mawe kwenye kibofu cha nyongo.

Mfano kutoka mbali, na onyo la haki

Marekani kulikuwa na kipindi cha televisheni ambapo watu wanene walishindana kupungua. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washindani 14, na mwaka 2016 wakachapisha walichokuta. Kwa wiki 30 walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 58. Miaka 6 baadaye, wastani wa kilo 41 zilikuwa zimerudi. Zaidi ya hayo, miili yao ilikuwa bado inatumia nguvu kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao, pungufu ya kalori 500 hivi kwa siku. Mwili ulikuwa bado umefunga mkanda.

Hata hivyo, kama mwanahabari lazima niseme na upande wa pili. Huko Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawanya watu 204 katika makundi mawili. Kundi moja lilipungua haraka kwa wiki 12 likiwa chini ya uangalizi wa kitabibu, na lingine polepole kwa wiki 36. Baada ya karibu miaka mitatu, waliofanikiwa kupungua katika makundi yote mawili walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito ule, kama asilimia 71.

Niliposoma hayo nilivunjika moyo kidogo. Nikamrudia mtaalamu wetu wa lishe na kumuuliza: basi polepole ina faida gani? Jibu lake ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo. Alisema: "Mwendo wa polepole si dawa. Faida yake ni kwamba unakupa nafasi ya kubadilisha maisha. Ukipungua polepole kisha ukarudi kula kama zamani, uzito utarudi vile vile. Chagua mwendo ambao, siku ukiacha kuhesabu, bado utakuwa unaishi hivyo."

Kama kuna jambo moja mtakalobeba kutoka hapa, liwe hilo. Usijiulize, "Naweza kuvumilia hii kwa wiki ngapi?" Jiulize, "Naweza kuishi hivi Desemba, wakati wa harusi, wakati wa matanga, na wakati karo ya shule imenibana?" Kama jibu ni hapana, hiyo gia ni kubwa mno.

Kiasi gani, kwa muda gani

Wataalamu wengi wanashauri kupungua kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki, isizidi hapo. Kwa wengi wetu wenye kazi, watoto na jikoni moja la familia nzima, hata robo kilo kwa wiki ni kazi nzuri. Robo kilo inaonekana ndogo. Lakini mwaka una wiki 52, na robo 52 ni kilo 13.

Pia usiweke lengo la kurudia uzito uliokuwa nao kidato cha nne. Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wako, kisha asilimia 10, kwa miezi sita hadi mwaka. Mwenye kilo 80 alenge kilo 4 kwanza. Kilo 4 hazitamshangaza jirani, lakini presha na sukari huanza kuzihisi. Marekani, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha zaidi ya watu 3,200 waliokuwa kwenye hatari ya kupata kisukari. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiopewa mpango huo. Waliopewa dawa ya metformin walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 31. Nikifikiria mama yangu na sindano zake za kila siku, asilimia 7 si kidogo kwangu.

Jambo moja kila mwezi

Nieleze sasa nilivyofanya mara ya pili, si kwa sababu ni lazima mnifuate, bali muone jinsi jambo lenyewe lilivyo la kawaida.

Mwezi wa kwanza nilibadilisha chai peke yake. Nilikuwa nikinywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 50 kwa siku. Kwa mwezi nilikuwa nikinywa karibu kilo moja na nusu ya sukari, mtu mmoja! Sikuacha mara moja. Wiki ya kwanza vijiko viwili na nusu, ya pili viwili, nikaendelea hivyo mpaka kimoja. Soda nikaiacha iwe ya sherehe tu, maana chupa moja ya nusu lita ina vijiko kama 13 vya sukari.

Mwezi wa pili nilibadilisha sahani. Nusu ikawa mboga: sukuma wiki, kabeji, terere au managu. Robo ikawa maharagwe, ndengu, yai, samaki au nyama. Robo ikawa ugali, wali, viazi au ndizi. Angalieni, sikusema mnunue chakula cha kigeni cha bei ghali. Ndengu zinatoka hapa Mbeere. Viazi vinatoka Timau na Kibirichia, ndizi Imenti, na nduma ziko mtoni. Chakula chetu ni kizuri. Shida ni kuweka viazi, wali na chapati kwenye sahani moja, halafu mboga iwe kijiko kimoja cha kupamba. Githeri yenye maharagwe mengi na mboga haina lawama. Asubuhi, kipande cha nduma au kiazi kitamu kinashibisha kuliko mandazi mawili yaliyokaangwa.

Na mafuta ya kupikia, mama zangu, tuache kumimina kwa macho. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kama kalori 120. Pima kwa kijiko, na utashangaa chupa inavyodumu. Ni faida kwa mwili na kwa mfuko.

Mwezi wa tatu nilianza kutembea. Zamani tulitembea kwenda sokoni, kwenda shule, kwenda kanisani. Sasa boda boda inatuchukua mlangoni. Sisemi vijana wetu wakose riziki. Nasema panda boda boda ukienda na mzigo, rudi kwa miguu ukiwa mikono mitupu. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uhema kidogo lakini bado uweze kuzungumza. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Ongeza siku mbili za kutumia nguvu: kuchuchumaa na kusimama, kubeba, kulima. Kutembea peke yake hakupunguzi uzito kwa kasi, lakini kunasaidia sana usirudi.

Miezi mingine mizani haikusonga. Kuna mwezi iliongezeka. Nilitaka kuacha. Lakini fundi wa nguo aliyenishonea sare aliniambia kiuno kimepungua, ndipo nikaelewa kwamba mizani si shahidi pekee. Baada ya miezi tisa nilikuwa nimetoka kilo 87 hadi 78 na nusu. Gawanyeni, mtaona ni chini ya robo kilo kwa wiki. Hakuna aliyenong'ona. Mama hakunipigia simu. Presha yangu ilipopimwa ilikuwa 128 juu ya 82. Leo, zaidi ya mwaka umepita, na niko kilo 79. Chapati bado nakula. Moja.

Nyumbani na kwenye sherehe

Jambo gumu kuliko njaa ni watu tunaowapenda. Kwetu, kumpakulia mtu chakula kingi ni kumheshimu, na kukataa ni kama kumtukana. Mama mkwe wangu alikuwa akinijazia sahani kwa upendo. Nilijaribu kubakisha, akahuzunika. Mwishowe nilimwambia kabla hajapakua: "Mama, hospitali wamesema presha yangu iko juu. Nipakulie nusu, na nikimaliza nitakuja kuongeza mwenyewe." Alinielewa mara moja, maana presha anaijua. Siku hizi yeye mwenyewe hunitafutia terere.

Waume nao wasaidie. Baba akicheka sahani ya mama, kazi imeharibika. Na kitambi cha baba si dalili ya pesa, ingawa tumezoea kukisifu hivyo. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayokwenda sambamba na kisukari na ugonjwa wa moyo kuliko ya mapajani. Chukua tepu ya fundi wa nguo, upime kiuno. Hatari huanza kupanda kiuno kikipita sentimita 80 kwa mwanamke na sentimita 94 kwa mwanamume.

Nani asianze peke yake

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukiwa mjamzito, huu si wakati wa kujinyima. Ukiwa unanyonyesha, zungumza na muuguzi kwanza. Watoto nao wasiwekwe kwenye mpango wa kukonda bila mtaalamu.

Ukiwa na kisukari na unatumia sindano ya insulini au vidonge, usipunguze chakula kwa ghafla bila kumwambia daktari. Dawa iliyopimwa kwa chakula cha zamani inaweza kushusha sukari mno, na hiyo inaua. Ukiwa na dawa za presha, usiziache kwa sababu umepungua kilo mbili. Anayepunguza dawa ni daktari.

Na kama unakonda bila kujaribu, usishangilie. Kukonda pamoja na kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, au kiu na kukojoa mara kwa mara ni sababu ya kwenda kupimwa kesho, si mwezi ujao. Inaweza kuwa kifua kikuu, kisukari au jambo jingine linalotibika likiwahiwa.

Maswali mliyoniuliza

Kijana mmoja aliniuliza, "Dada, muguka hukata njaa. Si ni njia ya kupungua?" Watu walicheka, lakini ni swali la kweli. Muguka kwa Embu na miraa kwa Meru ni riziki za familia nyingi, na sikuja hapa kupigana na zao la mtu. Lakini kama njia ya kupungua, hapana. Ni kweli hukata hamu ya chakula. Pia hupandisha presha na mapigo ya moyo, hufukuza usingizi, na wengi huteremshia soda. Asubuhi njaa inarudi na deni lake.

Mama mmoja aliuliza kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito zinazosemwa mitandaoni. Dawa hizo zipo, na zinasaidia wagonjwa fulani, lakini hutolewa na daktari anayekufuatilia. Wengi wakiziacha, uzito mwingi hurudi. Usinunue sindano kwa mtu wa kwenye simu. Mimi nilinunua chai tu, na mnajua yaliyonipata.

Mzee mmoja aliuliza, "Nipime mara ngapi?" Mara moja kwa wiki inatosha: mizani ile ile, asubuhi, kabla ya kula. Uzito hupanda na kushuka kwa maji na chumvi, na kwa akina mama kwa siku zao za mwezi. Usisome wiki moja. Linganisha mwezi na mwezi. Na huna haja ya kununua mizani. Tangu Septemba 2023, wahamasishaji wetu wa afya ya jamii wamepewa vifaa, vikiwemo mizani, mashine ya presha na kipima sukari. Wako kijijini kwako. Waite.

Tunapoondoka

Naomba kila mmoja akifika nyumbani leo afanye mambo matatu. Pima kiuno chako na uandike namba hiyo pamoja na tarehe nyuma ya kalenda. Muulize mhamasishaji wa afya wa eneo lako siku ya kupima presha na uzito. Kisha chagua jambo moja tu la mwezi huu: sukari ya chai, au mafuta ya sufuria, au kurudi sokoni kwa miguu. Moja. Mwezi ujao tutaongeza la pili.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kilichojazwa kwa haba na haba hupunguzwa hivyo hivyo. Mafuta haya hatukuyapata kwa wiki tano, kwa hivyo tusiyadai yaondoke kwa wiki tano.

Tukikutana tena kwenye mikutano yetu, nitawaomba tena msogee kidogo ili picha itoshe. Mungu akipenda, mwaka ujao hatutahitaji kusogea sana.